67.3: nirudie au niende nayo?

Mtihani wa kuingilia chuo cha uuguzi, mara ya kwanza niliufanyia mezani jikoni kwetu, Brooklyn Park, Minnesota, mwezi wa kumi mwaka 2022. Ulianza saa tatu asubuhi. Shifti yangu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ilikuwa imeisha saa moja. Nilifika nyumbani, nikawaandaa watoto wakapanda basi la shule, nikanywa vikombe viwili vya chai ya rangi bila kitafunwa, nikawasha kompyuta. Msimamizi alikuwa upande wa pili wa kamera, sijui mji gani, akaniambia niizungushe kompyuta chumba kizima aone kama hakuna kitu ukutani. Mlangoni mwa friji kulikuwa na picha ya nyumba aliyoichora mwanangu wa mwisho. Akaniambia niibandue.

Saa saba kasoro robo mchana alama ikatokea: 67.3. Nilikuwa bado nimevaa sare ya kazini. Sikulia wala sikufurahi. Nilivua viatu, nikalala palepale kwenye kochi mpaka watoto waliporudi.

Kwa asiyeujua mtihani huu, hapa Marekani vyuo vingi vya uuguzi havikupokei kwa cheti cha sekondari na alama za darasani peke yake. Kabla ya kuomba nafasi unafanya mtihani wa kuingilia, na mmojawapo unaotumika sana ni TEAS, unaotungwa na kampuni ya ATI. Mimi nilikutana na toleo la 7, lililoanza mwezi wa sita 2022. Maswali ni 170, dakika 209. Kusoma na kuelewa ni maswali 45 kwa dakika 55, hesabu 38 kwa dakika 57, sayansi 50 kwa dakika 60, halafu mwishoni kabisa, kichwa kikiwa kimeshachemka, yanakuja maswali 37 ya Kiingereza kwa dakika 37. Kati ya yote hayo, 20 hayahesabiwi. Yamechomekwa humo kwa majaribio na huwezi kujua ni yapi. Ukikosea hupunguziwi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni hasara tupu.

Chuo nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa kinapokea maombi ya mtu mwenye 65 na kuendelea. Hapo ndipo tabu yangu ilipoanzia. Ningepata 50, kusingekuwa na cha kuamua, ningerudia tu. Ningepata 85, ningetuma maombi siku ileile. Lakini 67.3 ni alama ya kukuweka kwenye foleni bila kukuhakikishia kiti. Waombaji wanapangwa kwa pointi, alama ya TEAS ikijumlishwa na wastani wa madarasa ya awali, yaani masomo ya chuo unayotakiwa kuyamaliza kabla ya kuingia uuguzi, na viti vikijaa vimejaa.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Baba watoto aliniambia, "Mama, si wamesema 65? Umepita. Peleka maombi upumzike." Alisema kwa huruma. Alikuwa ameniona miaka yote ile nikitoka kazini na kwenda darasani na macho mekundu. Kazini tulikuwa na dada mmoja wa Kenya, mwenyeji wa Kisii, ambaye mwenyewe alishaipita njia hii na sasa ni muuguzi wa zamu. Yeye hakuzunguka: "Dada yangu, na 67 utakaa kwa laini mpaka uzeeke. Rudia." Siku ya Jumapili nikampigia mama nyumbani Muheza, Tanzania. Nikamwamkia, nikamweleza matokeo, nikamwambia nafikiria kuufanya tena. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Tena, mwanangu?"

Neno hilo moja liliniuma kuliko alama yenyewe, kwa sababu mama alikuwepo mara ya kwanza.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2008. Uuguzi niliutaka tangu wakati ule, tangu nikiwa mdogo nikimsindikiza bibi hospitali na kuwaangalia manesi wanavyoshika mkono wa mgonjwa wakitafuta mshipa. Vyuo vya uuguzi nyumbani vinataka ufaulu wa Baiolojia na Kemia. Baiolojia nilipata C. Kemia nikapata F. Mwaka uliofuata nikarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama alitoa pesa ya machungwa ya msimu ule mzima, akalipia usajili, akalipia na tuisheni. Na mimi nikakaa chini na madaftari yaleyale, madesa yaleyale, nikiyakariri kwa Kiingereza ambacho sehemu kubwa sikukielewa, nikiamini kwamba safari hii nitakariri kwa nguvu zaidi. Matokeo yakatoka. Kemia, F.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Alisema tu Mungu hajapanga. Lakini mimi nilibeba jambo lile. Kwa miaka kumi na tatu niliamini wapo watu wakirudia mtihani wanapanda, na wapo wa aina yangu, wakirudia wanarudi palepale. Niliuza dukani kwa mtu, nikaolewa, mume wangu akapata bahati nasibu ya viza, tukaja huku 2017. Nikafanya kozi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Sheria ya serikali kuu hapa inataka angalau saa 75 za mafunzo, na wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tunaanzia hapo. Watu wa nyumbani wanasema tunabeba maboksi. Sisi tulikuwa tunabeba wazee, tunawageuza kitandani wasitoboke vidonda mgongoni, tunawaogesha, tunawalisha. Kazi hiyo niliipenda na naipenda mpaka leo. Ila kila usiku nilikuwa nikimwangalia muuguzi wa zamu akisukuma kitoroli cha dawa na kusema moyoni: pale ndipo nilipokuwa naenda.

Kwa hiyo mama alipouliza "tena", nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Wiki mbili nzima sikufanya lolote. Sikutuma maombi, sikujisajili upya. Kama mtu yuko mahali hapo sasa hivi, namwambia kwa moyo mweupe kwamba naijua hali hiyo, na kwamba kukaa bila kuamua kunachosha kuliko hata kusoma.

Kilichonitoa hapo ni ripoti. Ukimaliza TEAS unapewa ripoti ya matokeo, na wengi tunaangalia namba kubwa ya juu halafu tunaifunga kwa aibu au kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeichapisha bila kuisoma, ikakaa kwenye pochi pamoja na risiti. Usiku mmoja, saa nane, wakati wa mapumziko, niliitoa nikaitandaza mezani kwenye chumba cha wafanyakazi, mikrowevu ikizunguka na ubwabwa wangu ndani. Ripoti inakuonyesha alama ya kila sehemu, kisha kila sehemu inagawanywa tena ndani, kisha inakuorodheshea mada ulizokosea.

Kusoma, 74.4. Kiingereza, 72.7. Sayansi, 65.9. Hesabu, 55.9.

Kiingereza kilinishangaza. Ndicho nilichokiogopa kuliko vyote, ndicho nilichokisomea miezi miwili kwa kuona aibu ya lafudhi yangu. Kumbe kanuni za sarufi tulizokaririshwa sekondari bado zilikuwa kichwani, na kwenye mtihani huo hakuna anayesikia lafudhi yako. Kilichoniangusha ni hesabu, na ndani ya hesabu, nusu yake moja. Maswali ya hesabu yanayohesabiwa ni 34, na 16 kati ya hayo ni ya vipimo na data: kubadili vipimo, kusoma grafu, eneo, ujazo. Aljebra nilikuwa nimejitahidi. Kwenye vipimo nilikuwa nimekosa karibu kila kitu.

Kabla sijamaliza kula, taa ya chumba kimoja ikawaka. Nikaenda. Alikuwa bibi mmoja aliyewekewa mrija wa mkojo, mfuko umejaa. Nikavaa glovu, nikaumwagia kwenye chombo cha kupimia, nikakiweka juu ya sinki, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na mstari, maana ukisoma kwa juu unadanganyika. Mililita 450. Nikachukua karatasi yake niandike aliyokunywa tangu jioni. Glasi mbili za maji za aunsi nane, kikombe kimoja cha juisi cha aunsi nne. Mkono ukaandika wenyewe: 240, 240, 120. Jumla 600.

Nikabaki nimesimama na kalamu.

Kazini aunsi moja tunaihesabu kuwa mililita 30. Hesabu hiyo nilikuwa naifanya kila usiku kwa miaka minne, gizani, kwa tochi ndogo, bila kikokotoo, na sijawahi kukosea kwa sababu daktari anaitegemea. Maswali ya mtihani siruhusiwi kuyasimulia na sitayasimulia, lakini lilikuwepo la namna hiyohiyo, la kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Nilipoliona nilisema moyoni, "haya ni mambo ya hesabu," nikabahatisha, nikasonga mbele. Lilivalishwa nguo nyingine tu nikashindwa kulitambua.

Sijui niseme vipi jinsi usiku ule ulivyonigeuza. Kwa miaka yote nilifikiri kushindwa mtihani kunasema kitu kuhusu akili yangu. Ile karatasi ilikuwa inasema vitu vidogo zaidi, vyenye majina: vipimo, grafu, mfumo wa homoni, uchambuzi wa majaribio ya kisayansi. Mwaka 2009 hakuna aliyenipa karatasi kama hiyo. Nilipewa herufi moja. Nikarudi kupigana na herufi ile bila kujua imetokea wapi.

Basi nikaacha kujiuliza kama mimi ni mtu wa kurudia. Nikajiuliza nini hasa kilinikosesha, na kama kinaweza kubadilika kabla ya tarehe 1 mwezi wa pili, siku ya mwisho ya kupokea maombi.

La kwanza lilikuwa wazi na ndilo lililonitia uchungu: nilikuwa nimekesha. Nikikumbuka sehemu ya sayansi, yapo maswali niliyoyasoma mara nne, maneno yanapita kama mvua kwenye kioo. Nilichagua siku ile kwa sababu nafasi ilikuwepo na sikutaka kupoteza shifti. Niliokoa mshahara wa usiku mmoja. Kama wewe nawe unafanya kazi ya usiku, naomba usifanye nilivyofanya. Kichwa kisicholala hakikupi hata kile unachokijua.

La pili ni hivyo vipimo. La tatu ni sayansi, na hapo tatizo lilikuwa lilelile la Kemia ya sekondari, kukariri majina bila kuona kitu kinavyofanya kazi. Maswali ya sayansi yanayohesabiwa ni 44, na 18 kati yake ni ya mwili wa binadamu na mifumo yake. Mimi nilikuwa najua majina ya sehemu zote za moyo kwa Kiingereza, na nisingeweza kukueleza damu inatoka wapi inakwenda wapi.

Yote matatu yanarekebishika. Hiyo ilikuwa nusu ya uamuzi. Nusu ya pili ilikuwa kwenye sheria za vyuo, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanaruka.

Nilikuwa na vyuo viwili. Nilipiga simu kote kuwili, nikauliza maswali yaleyale, nikaandika majibu na tarehe: mtihani unaruhusiwa mara ngapi, zipite siku ngapi katikati, alama inadumu muda gani, na mtu akiufanya mara mbili mnachukua alama ipi. Hilo la mwisho ndilo lililobeba kila kitu. Chuo changu cha kwanza kilikuwa kinachukua alama ya juu kuliko zote. Cha pili kilikuwa kinachukua ya mwisho, hata kama imeshuka. Kwenye kile cha pili, kurudia kungekuwa kamari: nikiteleza hadi 64 ninaufunga mlango ambao tayari uko wazi. Kwenye kile cha kwanza, nikishuka, 67.3 yangu bado ipo. Mtihani uleule, mtu yuleyule, na jibu la busara linatofautiana kwa mstari mmoja ulioandikwa kwenye sheria ya chuo. Hakuna ndugu wala rafiki anayeweza kukushauri bila kuujua mstari huo.

Nikamuuliza pia mshauri wa chuo kile cha kwanza swali nililoliogopa. Nilimwambia, naomba usiniambie kiwango cha chini, niambie waliochukuliwa mwaka jana walikuwa na ngapi. Akasita, akasema wengi walikuwa juu ya 75. Nilimshukuru kwa dhati. Kuna watu wanatuma maombi miaka mitatu mfululizo wakiwa na alama ya kiwango cha chini na hawakuwahi kuuliza swali hilo.

Usiku uliofuata nikafanya hesabu nyuma ya ile ripoti. Hesabu nilipata kama 19 kati ya 34. Nikijua vipimo, 27 inawezekana. Sayansi kama 29 kati ya 44. Nikiujua mwili, 35. Hayo ni maswali 14 zaidi kati ya 150 yanayohesabiwa, karibu alama tisa. Kusoma na Kiingereza nisiviguse kabisa. Kwa makadirio ningefika 76. Nisingekuwa na hesabu hiyo, "jitahidi zaidi" lingekuwa neno tupu tu. Sasa nilikuwa najua natafuta maswali 14, na najua yamejificha wapi.

Nikajisajili kwa wiki ya pili ya mwezi wa kwanza 2023, kwenye kituo cha mtihani, si jikoni.

Gharama yake sitaificha. Ada ya mtihani ilikuwa zaidi ya dola 100, na hiyo ndiyo ndogo. Niliacha shifti mbili kwa wiki kwa wiki kumi. Anayetuma pesa nyumbani anaelewa maana yake. Ilibidi nimpigie mama nimwambie kwamba mpaka mwezi wa pili fungu lake litapungua, na kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza sana. Nikamwambia safari hii sirudii madaftari yaleyale, nimeona nilipokosea, nimepaandika. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Machungwa hayajaisha shambani," akasema. "Wewe soma."

Nilisoma tofauti. Vipimo nilivitoa kwenye daftari nikavipeleka kazini: kila nilichokishika nilikibadili kichwani. Uzito wa mzee kutoka pauni kwenda kilo, gawanya kwa 2.2. Kitanda kutoka inchi kwenda sentimita, zidisha kwa 2.54. Wenzangu walizoea kunisikia nikinong'ona namba koridoni.

Moyo niliujifunza kwa Kiswahili. Baba watoto alikuwa anarudi saa tatu usiku kutoka kwenye udereva, anakaa kula, na mimi namsomesha. Nikamwambia moyo ni nyumba ya vyumba vinne, vya juu viwili vya kupokelea wageni, vya chini viwili vya kuwasukumia nje. Kila mlango unafunguka upande mmoja, ukipita hurudi. Damu iliyokwisha oksijeni inaingia chumba cha juu kulia, inashuka chini kulia, inasukumwa mapafuni kuchukua hewa, inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka chini kushoto, na hapo ukuta ni mnene kuliko kote kwa sababu inasukumwa mwili mzima mpaka unyayoni. Usiku wa kwanza akaniuliza, "Sasa mlango mmoja ukigoma kufunga vizuri?" Nikakosa jibu. Nikaenda kutafuta. Kwa swali lake lile nilielewa kwa nini mzee wa chumba cha kona alikuwa anavimba miguu na kukosa pumzi akilala chali: damu inarudi nyuma, inajaa pale isipotakiwa. Figo, ini, kongosho, wengu, nyongo, vyote tulivipitisha kwenye meza ile ya jikoni kwa lugha niliyozaliwa nayo, halafu ndipo nikayabandika majina ya Kiingereza juu. Sayansi ilikuwa haijawahi kunikaa kichwani namna ile. Ninahuzunika nikifikiria yule binti wa 2009 ambaye hakuna aliyemwambia inaruhusiwa.

Njiani nilikutana na waliotaka kuniuzia "maswali yaliyovuja". Walinifuata kwenye simu, bei ya kuvutia, na picha za watu waliopata 95. Sikununua. Sisemi hivyo nijisifu. Nilishawishika usiku mmoja nilipokuwa nimechoka sana. Kilichonizuia ni yule bibi na mfuko wake wa mkojo. Anayeandika 600 pale inatakiwa iwe ni 600.

Siku ya mtihani nilikuwa nimelala usiku tatu mfululizo kama watu wengine wanavyolala. Nje kulikuwa na theluji ya magotini. Baba watoto alinipeleka kwa gari, akakaa kwenye maegesho na termosi ya chai. Baada ya hesabu kuna mapumziko ya dakika kumi. Mara ya kwanza niliyaruka nimalize upesi nikalale, safari hii nikatoka, nikanawa uso, nikala ndizi. Kwenye sayansi lilipokuja jambo la mzunguko wa damu nilifumba macho nikaona vyumba vinne.

Ikatoka 80.0. Hesabu 82.4, sayansi 84.1. Kusoma na Kiingereza vilipanda kidogo tu, kama nilivyotarajia. Nilitoka nje nikamwonyesha mume wangu karatasi kupitia kioo cha gari, kabla hata hajateremsha kioo. Nilianza masomo mwezi wa nane mwaka huohuo.

Sasa kwa sababu nilirudia na nikapanda, watu wananichukulia kama mtetezi wa kurudia. Siyo. Mwaka uliofuata rafiki yangu mmoja, Mtanzania mwenzangu, alikuwa na 78.7 na alikuwa anataka kurudia afike 85 kwa sababu kuna mtu kamwambia chini ya 80 hupati kitu. Nikamwomba ripoti yake, nikamwomba na matokeo ya madarasa ya awali. TEAS yake ilikuwa imesimama vizuri kila sehemu. Kilichokuwa kinavuja ni Anatomia, ambako alikuwa na C, na chuo chake kilikuwa kinachukua alama ya mwisho ya TEAS. Nilimwambia, shoga yangu, usiuguse mtihani huu. Peleka pesa hiyo na miezi hiyo kwenye Anatomia. Alininunia wiki nzima. Baadaye alilirudia lile darasa, akapata B, TEAS akaiacha kama ilivyo. Ameshapata nafasi.

Na mwezi uliopita alinipigia mtoto wa dada yangu, kutoka Muheza. Ana F ya Kemia kidato cha nne, anataka uuguzi, anataka kurisiti mwaka huuhuu, na anaomba nimtumie pesa ya usajili. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kama yangu ya zamani. Nilimwambia anipigie picha matokeo yote, si Kemia tu. Akanitumia. Baiolojia C, Fizikia D, Hisabati D, Kiswahili B. Nikamuuliza Kemia alifundishwa na nani.

"Mama mdogo, mwalimu alihamishwa tulipokuwa kidato cha tatu. Hakuja mwingine."

Nilinyamaza. Miaka miwili bila mwalimu. Hakuna daftari la kurudia, kwa sababu hakuna kilichoandikwa humo. Mtoto huyu hakufeli Kemia. Hajawahi kufundishwa Kemia.

Nikamwambia sitamtumia pesa ya usajili. Nitamtumia pesa ya tuisheni, kwa mwalimu nitakayeongea naye mimi mwenyewe kwa simu, aanze kidato cha kwanza mpaka cha nne, taratibu, kwa Kiswahili kwanza. Mtihani tutauongelea mwakani. Aliona mwaka mmoja ni mrefu mno, wenzake watamwacha. Tukabishana karibu saa nzima, dada yangu akaingilia, mama naye akachukua simu.

Amekubali, kwa shingo upande. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Ameandika juu, kwa wino mwekundu: "Maada ni nini?"